Tiba ya homoni na saratani ya mfuko wa uzazi baada ya kukoma hedhi: maswali yanayorudi kila siku

Haya ni maswali ambayo kina mama wanauliza tena na tena, wengine kabla hawajaanza dawa, wengine wameshatumia miaka, wengine wameona damu jana usiku na hawajui wamwambie nani. Kama wewe ni huyo wa mwisho nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya damu, hayo mengine utasoma baadaye.

## Ya msingi

Tiba ya homoni ni nini na kwa nini mtu aitumie?

Hedhi ikikoma ovari zinapunguza sana kutengeneza estrojeni, na mwili ulioizoea kwa miaka mingi unaanza kulalamika. Joto linakupanda ghafla kutoka kifuani mpaka usoni, unaamka usiku shuka limelowa, usingizi haurudi, ukeni kunakauka mpaka tendo la ndoa linakuwa la kuvumilia tu. Tiba ya homoni inarudisha estrojeni kidogo, kwa kidonge, plasta ya kubandika kwenye ngozi, jeli ya kupaka au dawa ya kuweka ukeni. Kuna wanaopita kipindi hiki bila kuhisi kitu na kuna ambao joto hilo linawaandama miaka saba na zaidi, kwa hiyo mtu akisema hawezi tena kuvumilia aaminiwe.

Nitajuaje kama kweli nimekoma hedhi?

Miezi 12 mfululizo bila hedhi, na hakuna sababu nyingine kama dawa ya uzazi wa mpango au ugonjwa. Kuanzia hapo damu yoyote inayotoka haihesabiwi tena kama hedhi, hata kama inafanana nayo kabisa.

Saratani ya mfuko wa uzazi si ndo ileile ya shingo ya kizazi?

Hapana, na hili linachanganya watu wengi mno. Saratani ya shingo ya kizazi inaanzia kwenye ule mlango wa kizazi na karibu yote inasababishwa na virusi vya HPV. Hii tunayoongelea hapa inaanzia juu zaidi, kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, ule uliokuwa unabomoka na kutoka kila mwezi ulipokuwa unapata hedhi, na kinachoichochea zaidi ni estrojeni isiyo na wa kuizuia.

Ndo maana kipimo cha pap smia hakitoshi. Mtu anakwambia "mimi nilipima mwaka huu niko safi", sawa, lakini alipimwa mlango, ndani hakuna aliyeangalia. Pap smia inaweza kukamata saratani ya ndani kwa bahati tu, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Na hakuna kipimo cha kawaida cha kuitafuta saratani hii kwa mwanamke asiye na dalili, tunategemea dalili, na dalili kubwa ni damu.

## Hatari yenyewe

Kwa hiyo ni kweli homoni zinaleta saratani ya kizazi?

Inategemea unatumia homoni ipi na kama bado una kizazi. Kama una kizazi na unatumia estrojeni peke yake, ndiyo, hatari inapanda, na inapanda sana. Kama unatumia estrojeni pamoja na projesteroni (au dawa za jamii yake zinazoitwa projestojeni) kwa kiwango sahihi na siku za kutosha, hatari hiyo haipandi, na ukitumia zote mbili kila siku inaweza hata kushuka chini ya ya mtu asiyetumia chochote. Kama kizazi kilishatolewa chote hakuna cha kuongelea upande huu, ila soma sehemu ya hali za pekee, kuna mambo mawili.

Estrojeni peke yake inafanya nini hasa huko ndani?

Kazi ya estrojeni kwenye ule utando ni kuukuza. Kazi ya projesteroni ni kuutuliza na kuufanya ukomae. Ulipokuwa kijana zilikuwa zinapokezana kila mwezi halafu utando unatoka. Sasa ukiweka estrojeni tu, ni shamba linalomwagiwa maji kila siku halafu hakuna wa kupalilia. Utando unanenepa, chembe zinaongezeka, baadaye zinaanza kubadilika umbo, na zile zilizobadilika umbo ndo jirani kabisa na saratani.

Na haichukui muda mrefu kama watu wanavyodhani. Kwenye utafiti wa PEPI wa Marekani, ambao matokeo yake ya kizazi yalitoka 1996, wanawake wenye kizazi walipewa estrojeni peke yake, na ndani ya miaka 3 asilimia 62 yao walikuwa na utando uliokua kupita kawaida kwa kiwango fulani. Waliopewa na projestojeni hawakutofautiana na waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Haya mambo yalijulikana lini, maana mama yangu alipewa estrojeni tu na hakuambiwa kitu?

Mwaka 1975 tafiti mbili zilitoka pamoja Marekani, moja ikakuta wanaotumia estrojeni wana hatari mara 4 na nusu hivi, nyingine mara 7 na nusu, na kadiri mtu alivyotumia miaka mingi ndo hatari ilivyozidi. Kabla ya hapo estrojeni ilikuwa inatolewa peke yake kama kitu cha kawaida. Baada ya hapo ndo projestojeni ikaanza kuongezwa kwa kila mwenye kizazi. Kwa hiyo kama mama yako alitumia miaka hiyo ya zamani haikuwa uzembe wa mtu mmoja. Lakini mtu akikuandikia hivyo leo na una kizazi, uliza, na usione aibu kuuliza mara mbili.

Na ule utafiti mkubwa wa 2002 ulioogopesha dunia nzima?

Huo ni wa WHI, kifupi cha Women's Health Initiative, mradi mkubwa wa Marekani wa kuchunguza afya ya wanawake waliokoma hedhi. Waliotumia homoni mbili walikuwa kwenye kundi la wanawake 16,608 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, na sehemu hiyo ilisimamishwa Julai 2002 kwa sababu saratani ya matiti ilionekana kuongezeka, pamoja na kiharusi na damu kuganda. Kwa upande wa matiti ilikuwa kama wagonjwa 8 wa ziada kwa kila wanawake 10,000 kwa mwaka.

Ambacho hakikutangazwa sana ni upande wa kizazi. Walipofuatiliwa kwa miaka kama 13, waliopewa homoni mbili walipata saratani ya mfuko wa uzazi 66 na waliopewa kidonge kisicho na dawa 95, na makundi yalikuwa karibu sawa kwa ukubwa. Yaani projestojeni ilifanya kazi yake ya kulinda kizazi, ila hiyohiyo ndo inayohusishwa zaidi na lile ongezeko la matiti, maana waliotumia estrojeni peke yake, wote wakiwa wameshatolewa kizazi, hawakuonyesha ongezeko la saratani ya matiti. Huu mvutano ndo kiini cha maamuzi yote ya tiba hii, na anayekwambia homoni ni salama kabisa au ni sumu kabisa amekuonyesha upande mmoja.

Nimesikia Marekani wameondoa onyo kwenye boksi, si maana yake hakuna hatari tena?

Hapo soma vizuri. Novemba 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kuondoa yale maonyo mazito ya juu ya boksi kuhusu moyo, matiti na ugonjwa wa kusahau. Lakini onyo la saratani ya mfuko wa uzazi kwa dawa za estrojeni peke yake zinazoingia mwili mzima wameliacha palepale. Hatari hiyo imejulikana toka 1975 na haijabadilika.

## Dawa zenyewe

Nitajuaje kama ninachotumia ni estrojeni peke yake au mchanganyiko?

Chukua boksi, achana na jina kubwa la mbele, geuza utafute maandishi madogo ya viambato. Ukikuta estradiol peke yake, au conjugated estrogens peke yake, hiyo ni estrojeni tupu. Ukikuta jina la pili pembeni yake kama norethisterone, medroxyprogesterone, dydrogesterone, levonorgestrel au progesterone, huo ni mchanganyiko. Kuna plasta mbili za kampuni moja zenye majina yanayokaribiana kabisa, moja ina homoni moja na nyingine mbili, na ukibadilishiwa dukani kwa sababu "ile imeisha" unaweza usigundue. Kila unapochukua dawa mpya soma viambato upya.

Kama ni estrojeni tupu na una kizazi, jiulize projestojeni yako inatoka wapi. Ina kidonge chake? Una kitanzi cha homoni? Kama jibu ni hakuna, mpigie daktari wiki hii.

Natumia plasta au jeli, haipiti tumboni, bado nahitaji projesteroni?

Ndiyo. Plasta na jeli zina faida yake, hasa kwa damu kuganda, kwa sababu hazianzii kwenye ini. Lakini estrojeni ikishaingia kwenye damu inafika kwenye kizazi vilevile. Na ukipandishiwa dozi ya estrojeni uliza kama projesteroni nayo inatakiwa kupanda, watu wengi wanaongezewa upande mmoja tu.

Dawa ya kupaka au kuweka ukeni je?

Hii ni tofauti. Estrojeni ya dozi ndogo ya ukeni, ile ya kutibu ukavu na maumivu, inafanya kazi palepale na kinachoingia kwenye damu ni kidogo sana. Kwa kawaida haihitaji projesteroni, na wanawake wa WHI waliokuwa wanaitumia hawakuonekana kupata saratani ya mfuko wa uzazi zaidi ya wasiotumia. Ila tumia kiwango ulichoandikiwa, usijiongezee kwa sababu inakusaidia, na damu ikitoka usiseme "ni hii krimu tu", kapime.

Projesteroni ni kila siku au siku chache kwa mwezi?

Njia zote mbili zipo. Ya kwanza unameza kila siku bila kuacha na lengo ni usione damu kabisa. Ya pili unameza siku 12 hadi 14 kila mwezi halafu unapata damu kama hedhi, na mara nyingi wanaanzishiwa hii walioacha hedhi karibuni. Siku zenyewe zina maana kubwa: tafiti zinaonyesha ukiitumia chini ya siku 10 kwa mwezi kinga haitoshi. Hata hii ya siku 12 kwa mwezi, ukiitumia miaka mingi haikulindi kama ile ya kila siku, ndo maana baada ya miaka kadhaa madaktari wengi wanakuhamisha. Na zile ratiba za kumeza projesteroni mara moja kila miezi mitatu zina kinga dhaifu zaidi.

Projesteroni inanichosha, inanivimbisha tumbo, nalia bila sababu. Naweza kuiacha nibaki na estrojeni?

Naelewa kabisa, na hili ndo kosa linalofanyika kimyakimya majumbani, mtu anaacha kidonge kimoja anaendelea na kingine kwa sababu estrojeni ndo inayompa raha. Usifanye hivyo. Ukiacha projesteroni acha na estrojeni mpaka uongee na daktari.

Mara nyingi kuna njia. Projesteroni ya asili inasinzisha, basi inamezwa usiku wakati wa kulala na kuna wanaoishia kulala vizuri kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Kuna projestojeni za aina nyingine, ikikukataa hii unajaribu ile. Na kuna kitanzi cha homoni, ambacho kinatoa dawa humohumo ndani ya kizazi na mwili mzima unapata kidogo tu. Kingine cha kuuliza ni mafuta yaliyo kwenye kidonge, baadhi ya projesteroni zina mafuta ya karanga, kwa hiyo mwenye mzio wa karanga aseme mapema.

Kitanzi chochote kinalinda?

Hapana! Kinacholinda ni kile cha homoni chenye levonorjestreli miligramu 52, na kwa kazi hii kinahesabiwa miaka 5 kisha kinabadilishwa, hata kama kwa kuzuia mimba kinaruhusiwa kukaa zaidi. Kitanzi cha shaba hakina homoni, hakilindi kitu upande huu. Vile vidogo vyenye dozi ya chini navyo visitegemewe.

Krimu ya projesteroni ya kununua mtandaoni na "homoni asilia" za kuchanganyiwa?

Krimu ya kupaka kwenye ngozi haipenyi kiasi cha kutosha kulinda utando wa kizazi, hata kama mwenyewe unajisikia vizuri ukiipaka. Kujisikia vizuri hakuonyeshi kinachoendelea ndani. Za kuchanganywa na vile vipande vya estrojeni vya kuweka chini ya ngozi shida yake ni dozi isiyopimwa vizuri, na kipande kikishawekwa kinaendelea kutoa estrojeni miezi mingi hata ukibadili mawazo.

Soya ya kwenye chakula haina shida. Vidonge vya soya vya nguvu ni suala jingine: kwenye utafiti mmoja wa 2004 walivitumia kila siku kwa miaka 5, na baadhi ya wanawake wakakutwa na utando uliokua kupita kiasi wakati wasiotumia hakuna aliyekutwa nao. "Asilia" haimaanishi kizazi hakihisi.

## Damu

Nimeona damu na nilishakoma hedhi. Ni kidogo tu, tone moja kwenye chupi. Nisubiri nione?

Usisubiri. Tone moja, rangi ya waridi, kahawia, mara moja tu, vyote vinahesabiwa. Karibu wagonjwa 9 kati ya 10 wa saratani hii baada ya kukoma hedhi walitokwa na damu, na kwa wengi ilianza hivihivi, kidogo kidogo.

Sasa ugeuze upande wa pili ili upate usingizi: kati ya wanawake 100 wanaotokwa damu baada ya kukoma hedhi kama 9 hivi ndo wanakutwa na saratani, waliobaki ni ukavu wa ukeni, vinyama vidogo ndani ya kizazi au sababu nyingine. Na hao wanaokutwa nayo mapema, ikiwa bado ndani ya kizazi, wengi sana wanapona, mara nyingi kwa operesheni pekee. Kusubiri ndo kunaondoa hiyo faida.

Lakini mimi natumia homoni, si waliniambia damu ni kawaida mwanzoni?

Ni kweli kwa miezi 6 ya kwanza ya homoni za kila siku, matone na damu ya hapa na pale ni kawaida mwili ukizoea, na hata ukibadilishiwa dozi. Ila mwambie daktari hata ndani ya miezi hiyo kama ni nyingi, au una sababu nyingine za hatari zilizotajwa chini. Ikizidi miezi 6, au ilishakata kabisa halafu imerudi, hapo inapimwa. Kwa anayetumia ya siku 12 kwa mwezi, damu inategemewa mwishoni mwa zile siku, ikija kipindi kingine au ikiwa nzito ghafla, na hiyo inapimwa.

Andika tarehe, wingi, na kama ulisahau dawa. Hicho kikaratasi kinamsaidia daktari kuliko maelezo ya kukumbuka.

Watanifanyia nini, inauma?

Mara nyingi wanaanza na ultrasaundi ya ukeni, kifimbo chembamba kinaingizwa na wanapima unene wa utando kwa milimita. Kwa asiyetumia homoni, ukiwa milimita 4 au chini uwezekano wa saratani ni mdogo sana.

Hapa kuna jambo nataka kina mama weusi walijue. Utafiti uliotoka 2024 Marekani kwa wanawake weusi ulikuta kwamba kwa kutegemea unene tu, karibu mmoja kati ya kila wagonjwa kumi wa saratani angeambiwa yuko salama. Uvimbe wa kizazi, ile faibroidi, unaficha picha, na kuna aina kali za saratani hii ambazo hazinenepeshi utando na zinawapata zaidi wanawake weusi. Kwa hiyo ukiambiwa ultrasaundi iko safi na damu inaendelea, omba kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha utando kichukuliwe kikapimwe.

Kinyama chenyewe wanachukua kwa mrija wa plastiki wenye upana wa milimita kama 3. Unalala kama unavyopimwa pap smia, mrija unapita mlango wa kizazi, wanavuta, dakika chache kimeisha. Kuuma kunauma, ni mkazo mkali kama wa hedhi mbaya, wengine kidogo, wengine sana. Uliza mapema kuhusu dawa ya maumivu au ganzi, ni haki yako. Ikishindikana au majibu hayaeleweki wanaingiza kamera ndogo waangalie.

## Hali za pekee

Nilitolewa kizazi, kwa nini daktari bado anataka nitumie projesteroni?

Kuna sababu mbili za kawaida. Kama walitoa kizazi wakaacha shingo, kunaweza kubaki kipande cha ule utando. Na kama ulikuwa na endometriosisi kuna tishu kama hiyo imekaa nje ya kizazi, nayo inaitikia estrojeni. Kama hakuna kati ya hayo na kizazi kilitoka chote, estrojeni peke yake ndo inayofaa.

Nina uzito mkubwa. Inabadilisha nini?

Mafuta ya mwilini yanatengeneza estrojeni yenyewe, hata baada ya ovari kupumzika, kwa hiyo utando wako unaweza kuwa unasukumwa kabla hujameza kidonge chochote. Unene ni moja ya sababu kubwa za saratani hii kwa wasiotumia homoni kabisa. Haimaanishi unanyimwa tiba, ina maana projesteroni ndo usiichezee na damu ndo usiipuuze zaidi ya wengine. Mwenye kisukari, au aliyekuwa na hedhi za kuruka miaka mingi kwa sababu ya PCOS (tatizo la homoni linalofanya ovari zisitoe yai kila mwezi), asome hili kama limeandikwa kwake.

Kwenye familia yetu kuna saratani za utumbo na kizazi.

Taja hilo kabla ya kuandikiwa dawa. Kuna hali ya kurithi inaitwa sindromu ya Lynch inayopandisha sana hatari ya saratani ya utumbo mpana na ya mfuko wa uzazi, tena mapema kuliko kawaida, na ipo kipimo cha vinasaba.

Natumia tamoksifeni kwa ajili ya saratani ya matiti, nayo ni homoni?

Siyo tiba ya homoni ya kukoma hedhi, kwenye titi inaizuia estrojeni. Lakini kwenye kizazi inafanya kama estrojeni, na kwa waliokoma hedhi inapandisha hatari kama mara 2 hadi 3. Usiiache, faida yake kwa titi ni kubwa, ila sheria ya damu ni ileile ya juu.

Nilitumia estrojeni peke yake miaka mingi, nimeshaacha. Niko salama?

Hatari inashuka ukiacha lakini haifutiki haraka, tafiti zimeikuta bado iko juu hata miaka 5 na zaidi baadaye. Mwambie daktari ulitumia nini na kwa muda gani hata kama hakuuliza, na damu ikitokea miaka kumi baadaye taja tena.

Nilishatibiwa saratani ya mfuko wa uzazi na joto linaniua. Homoni ni mwiko?

Siyo mwiko kwa kila mtu. Kwa waliotibiwa ikiwa hatua ya kwanza, utafiti mmoja wa wanawake 1,236 uliwapa nusu estrojeni, na saratani ilirudi kwa asilimia 2.3 yao, dhidi ya asilimia 1.9 ya wasiopewa. Ulikatishwa kabla ya kukamilika kwa hiyo si neno la mwisho, lakini inaruhusu mazungumzo kwa mwenye saratani ya mapema isiyo kali. Kwa hatua za mbele au aina kali madaktari wengi wanakataa, na hapo kuna dawa zisizo na homoni, kama baadhi ya zile za sonona kwa dozi ndogo, au fezolinetanti iliyoidhinishwa Marekani 2023, ambayo inataka damu ipimwe kuangalia ini kabla ya kuanza na mara kadhaa baada ya kuanza.